Jungu Kuu na Ukoko Wake: Lugha ya Mchuzi katika Kiswahili cha Katubuka na Ujiji



1. Utangulizi

Methali isemayo kwamba jungu kuu halikosi ukoko hutajwa mara nyingi pale wazee wanaposifiwa kwa hekima yao. Wachambuzi wa fasihi simulizi wameizoea kwa maana yake ya ndani: mtu aliyeishi miaka mingi hawezi kukosa jambo la kufundisha. Maana ya nje, yaani jungu lenyewe na ukoko wenyewe, huachwa jikoni kana kwamba haina la kuwaambia wanaisimu. Mhadhara huu unaanzia kwenye maana hiyo ya nje. Unauliza swali linaloonekana dogo: je, Kiswahili kina maneno ya kutosha kueleza, hatua kwa hatua, jinsi ya kutengeneza mchuzi mzito kutokana na mafuta na majimaji yanayodondoka kwenye nyama iliyookwa, na kutokana na ule ukoko unaobaki chini ya chombo? Waingereza huuita mchuzi huo gravy, na mtaalamu anayefundisha mapishi kwa Kiswahili hulazimika kuamua atauitaje.

Swali hilo linachunguzwa kwa kutazama mahali pamoja mahususi, nayo ni kata ya Katubuka katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kimezungumzwa katika eneo la Ujiji tangu karne ya 19, lakini kwa nadra huhesabiwa miongoni mwa visima vya Kiswahili sanifu. Pili, jiko la Kigoma lina mafuta yake, samaki wake na unga wake, na kwa hiyo lina msamiati usiofanana moja kwa moja na ule wa mwambao wa Bahari ya Hindi. Hoja kuu ni kwamba uundaji wa istilahi unapoliruka jiko, hasara haiishii kwa wapishi. Inawafikia pia wanafunzi, ambao hufundishwa kuamini kwamba maarifa ya nyumbani kwao hayana majina.

2. Ujiji na njia za maneno

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1858, na ndipo Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone mwaka 1871. Masimulizi ya wageni hao yamezoeleka mno hata yamewafunika waliokuwa wenyeji wa mji: Wajiji na Waha, Wabwari na Wabembe waliovuka ziwa, Wamanyema waliotoka magharibi, pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani. Watu hao walihitaji lugha moja ya soko, ya jahazi na ya msikiti. Kiswahili kikawa lugha hiyo, kikaendelea kuvuka ziwa kuelekea Uvira, Kalemie na Manyema yenyewe.

Mwezi Februari 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na uzito wa biashara ukahama kutoka Ujiji kwenda kwenye bandari mpya. Pamoja na reli walikuja maofisa, na pamoja na maofisa yalikuja majiko ya aina nyingine: jiko la chuma lenye oveni, trei ya kuokea, na desturi ya kupika pande kubwa la nyama kwa mlo wa Jumapili. Katika Afrika Mashariki nzima Waafrika walioajiriwa kuwa wapishi walijifunza mapishi hayo kwa kuamriwa. Kitabu cha F. H. Le Breton kilichotoka mwaka 1936, kikiitwa Up-Country Swahili, kilitungwa ili askari, walowezi, wafanyabiashara na wake zao waweze kusema na wenyeji bila mkalimani. Kiswahili cha namna hiyo kilikuwa hasa Kiswahili cha amri: lete, pika, ondoa, usichome. Amri haihitaji istilahi nyingi, kwa kuwa anayeamriwa hatarajiwi kueleza kwa nini jambo linafanywa hivyo.

Wakati huohuo Kiswahili sanifu kilikuwa kinajengwa kwingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Uchaguzi huo ulikuwa na manufaa yasiyokanushika: ulileta tahajia moja, vitabu vya shule na kamusi. Hata hivyo, ulikuwa na athari jikoni. Mchuzi wa kielelezo katika fikra za wasanifishaji ukawa mchuzi wa pwani, wenye tui la nazi. Mchuzi wa mawese wa Ujiji ukahesabiwa kuwa jambo la mahali fulani tu.

3. Neno mchuzi na ndugu zake

Kabla ya kuuliza Kiswahili kinakosa nini, yafaa kutazama kilicho nacho. Neno mchuzi si la mkopo. Kinyanja kina msuzi, Kizulu kina umhluzi, na yote mawili hutaja majimaji ya kitoweo. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaujenga upya mzizi wa maneno hayo kwa umbo la *-cúdì. Ni dhahiri basi kwamba watu walikuwa na neno la mchuzi kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga pwani na kabla ya reli kufika Kigoma.

Karibu na mchuzi kuna maneno mengine, kila moja likiwa na mpaka wake. Supu, neno lililotoka Kiingereza, limepata makao maalumu Tanzania Bara: ni chakula cha asubuhi, chenye nyama, utumbo au makongoro, huliwa kwa chapati, ndimu na pilipili. Mtu aliyeletewa supu mchana pamoja na ugali huenda akauliza mchuzi uko wapi. Chukuchuku ni kitoweo kilichochemshwa kwa maji na chumvi bila kuungwa. Kuunga ni kukitia kitoweo mafuta, kitunguu, nyanya au nazi ili ladha zishikamane. Kitenzi chenyewe kinasema kazi hiyo, kwa kuwa ni kilekile kinachotumika kwa kuunganisha ubao na ubao. Rojo ni majimaji mazito, na kutokana nalo likapatikana urojo, jina la chakula mashuhuri cha Unguja ambacho mchuzi wake hukazwa kwa unga na kutiwa uchachu wa embe. Yeyote anayedai kwamba kukaza mchuzi kwa unga ni jambo la kigeni katika Uswahilini hajapita Forodhani jioni.

Juu ya maneno hayo yote liko neno kitoweo, litokanalo na kitenzi towea, yaani kula kitu pamoja na chakula kikuu. Bara, na Kigoma ikiwamo, neno mboga limepanuka hata linachukua nafasi hiyohiyo. Mtu anayeuliza leo kuna mboga gani anaweza kujibiwa kwamba ni dagaa au nyama, na hakuna atakayeshangaa. Mwalimu wa pwani huweza kuliona jibu hilo kuwa kosa. Mwanaisimu anapaswa kuliona kuwa ni utaratibu: chakula kikuu upande mmoja, na kila kinacholiwa nacho upande wa pili.

4. Safari ya neno rosti

Neno linalofaa zaidi kwa swali la mhadhara huu ni rosti. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kuoka au nyama iliyookwa kwenye oveni. Katika mikahawa ya Tanzania leo, rosti haina uhusiano wa lazima na oveni. Nyama rosti ni nyama iliyochemshwa, ikakaushwa maji yake, ikakaangwa, kisha ikatiwa kitunguu, nyanya na viungo hadi ikapata rojo zito linaloishika. Kuna maini rosti na hata ndizi rosti, na ndizi hizo hazikuokwa wala kuchomwa.

Mabadiliko hayo yanaweza kuelezwa kuwa ni uhamisho wa maana kwa ukaribu. Neno lilikuja likitaja nyama iliyookwa. Nyama hiyo ililiwa pamoja na mchuzi wake mzito. Wasemaji wa Kiswahili, ambao katika mlo wao mchuzi ndio wenye kazi kubwa, wakalishika neno kwa upande wa mchuzi na kuuacha upande wa oveni. Kilichosalia katika rosti ni ile rojo ya kahawia inayoshikamana na nyama. Kwa maneno mengine, wasemaji walikwisha kutafsiri dhana inayozungumziwa hapa bila kuitisha kamati yoyote, na walifanya hivyo kwa kulivuta neno la mkopo lielekee kwenye mahitaji yao.

Hapo panaonekana pia tofauti ya kijamii. Katika mlo wa Jumapili wa Kiingereza nyama ni nyingi, na mchuzi huja kuilainisha. Katika nyumba nyingi za Katubuka nyama ni chache na watu ni wengi. Vipande vikigawanywa, mgawo wa mtoto huwa mdogo, lakini mchuzi humfikia kila mtu, na tonge la ugali wa muhogo lililochovywa vizuri hubeba ladha ya nyama ambayo mlaji hakuipata. Mgeni asiyetarajiwa akifika, mama wa nyumba huongeza maji, chumvi na nyanya, na sahani zinatosha. Mchuzi ni njia ya kugawana. Nyama choma, kwa upande mwingine, huliwa na aliyeinunua. Mafuta yake hudondoka juu ya makaa, yakageuka moshi, na moshi huo hauwezi kutiwa kwenye sahani ya mtu mwingine. Suala la kuyakinga matone hayo, badala ya kuyaacha yaungue, ni suala la nani anakula.

5. Mapishi yenyewe kwa Kiswahili

Ili kupima kama lugha inatosha, njia ya uhakika ni kuyaeleza mapishi yote kwa lugha hiyo. Maelezo yafuatayo yanachukua jiko la mkaa lisilo na oveni, kama lilivyo katika nyumba nyingi za Kigoma.

Pande la nyama yenye shahamu hufutwa maji, hupakwa chumvi na huwekwa ndani ya sufuria nzito iliyokwisha kupata moto. Sufuria hufunikwa, na makaa hupaliwa juu ya mfuniko. Kupalia ni ujuzi wa zamani wa Waswahili: ndivyo wali unavyokaushwa, na ndivyo mkate wa kumimina unavyoiva kwa moto wa juu na chini. Sufuria iliyopaliwa hufanya kazi ya oveni. Shahamu huyeyuka na kudondoka. Majimaji ya nyama hutoka, huchemka na kukauka. Na kinachobaki chini hugandamana na chombo kikawa ukoko wa rangi ya kahawia.

Sababu ya rangi hiyo inaelezeka. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi amino asidi na sukari zinavyoungana zikipata joto na kuzaa vitu vyenye rangi ya kahawia. Katika mapishi, badiliko hilo huenda kwa kasi joto likipita takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Maadamu kuna maji ya kutosha ndani ya sufuria, joto haliwezi kupanda kupita hapo, na nyama itachemka bila kupata rangi. Kiswahili kina vitenzi vinavyofuata hatua hizo bila kukosea: nyama huchemka, hukauka, kisha hujikaanga kwa mafuta yake. Anayejua tofauti ya vitenzi hivyo vitatu amekwisha kushika kemia ya jambo hilo, ingawa hakuwahi kuisoma darasani.

Nyama ikiiva hutolewa na kuachwa ipumzike juu ya sahani, na majimaji yatakayotoka hapo huhifadhiwa. Mafuta ya ziada huchotwa, vikabaki vijiko viwili vya mezani. Unga wa ngano wa kiasi hichohicho, vijiko viwili, hutiwa ndani ya mafuta, ukakorogwa kwa mwiko juu ya moto mdogo kwa dakika mbili au tatu hadi harufu ya unga mbichi iondoke. Kisha humiminwa maji ya moto au mchuzi wa mifupa, kiasi cha robo lita, kidogo kidogo, huku mwiko ukiukwangua ukoko hadi uachane na chombo na kuyeyuka. Majimaji ya nyama iliyopumzika hurudishwa, mchuzi huachwa uchemke mpaka ukaze, na chumvi huonjwa mwisho, kwa kuwa ukoko wenyewe una chumvi.

Hapa pia kila hatua ina sababu. Chembe za wanga hunywa maji na kuvimba joto lifikapo nyuzi 60 na zaidi, na kuvimba huko ndiko kunakoukaza mchuzi. Unga mkavu ukitupwa ndani ya maji yanayochemka, chembe za nje huvimba kwanza, zikaufungia unga wa ndani, na madonge hutokea. Unga ukikorogwa kwanza ndani ya mafuta, kila chembe hupata utando wake, zikatengana, na maji yakija hunywewa kwa usawa. Mpishi wa Kigoma anayetumia unga wa muhogo huenda njia nyingine: huuvuruga kwanza katika maji baridi, kisha huumimina mwishoni. Wanga wa muhogo hukaza upesi na kuwa mwangavu, lakini ukichemshwa kwa muda mrefu hulegea na kuvutika kama ulimbo. Aidha, muhogo wa Kigoma mara nyingi hulowekwa uchachuke kabla ya kukaushwa na kusagwa, hivyo unga wake huongeza ukali kidogo ambao katika mchuzi wa nyama si kasoro.

Katika maelezo hayo yote neno la kigeni halikuhitajika kwa kitendo chochote cha mpishi. Palia, kauka, kaanga, koroga, kwangua, kaza, vuruga: vyote ni vitenzi vya kila siku. Mkopo uliohitajika ulikuwa wa kemia tu, nao umekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule.

6. Mawese na swali la mafuta ya mahali

Kigoma ina mafuta yanayoubadilisha mchuzi wake. Burton, katika habari zake za Ujiji, alitaja michikichi na mafuta yake, na mpaka sasa mchikichi ni mti unaotambulisha mkoa. Msamiati wake ni mpana: mchikichi ni mti, chikichi ni tunda, mawese ni mafuta mekundu ya nyama ya tunda, na mise ni kokwa, ambazo mafuta yake hutengenezwa sabuni. Katika miaka ya karibuni, hasa tangu mwaka 2018, serikali imehimiza upya kilimo hiki, na kituo cha utafiti cha Kihinga mkoani Kigoma kimezalisha miche ya aina ya tenera, ambayo ni chotara ya dura na pisifera. Maneno hayo matatu yameingia katika vinywa vya wakulima wasiojua Kilatini, jambo linaloonyesha kwamba istilahi ngeni haiogopwi pale inapokuja pamoja na kitu chenye faida.

Mgebuka uliobanikwa, ukapikwa kwa mawese, kitunguu na nyanya, ndio mfano wa Kigoma ulio karibu zaidi na mchuzi wa nyama iliyookwa. Samaki hupata rangi na ladha motoni kwanza, ndipo ladha hiyo huhamia kwenye mchuzi. Wekundu hutoka kwenye karotini ya mawese, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mawese huganda yakipoa, kama shahamu ya ng'ombe inavyoganda, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo ngumu. Kwa sababu hiyo mchuzi wa mawese huliwa ungali moto.

Mwanafunzi wa leksikografia anapaswa kujiuliza jambo moja hapa. Ikiwa kamusi itafafanua mchuzi kwa mfano wa nazi peke yake, mtoto wa Katubuka atakayeifungua shuleni ataona kwamba chakula cha mama yake kiko nje ya neno. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Mfano uliochaguliwa mbali naye umemtoa nje bila kusema. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, ziwa zima kwa pande zake za Kiswahili limo ndani ya jumuiya moja. Kigoma, iliyoonekana kuwa ukingo wa Kiswahili, imekuwa katikati ya njia kati ya Dar es Salaam na Kisangani. Mifano ya kamusi haina budi kufuata.

7. Istilahi: kukopa au kupanua?

Yabaki swali la jina. Njia ya kwanza ni kukopa na kusema grevi. Njia hiyo haistahili kubezwa. Kiswahili kimekopa supu, sosi na rosti bila kuvunjika, na kukataa neno kwa sababu ya asili yake tu ni kusahau kwamba meza, mvinyo na pilau navyo vilitoka mbali. Upungufu wa grevi uko mahali pengine. Neno hilo hutaja matokeo bila kuonyesha njia. Mwanafunzi wa chuo cha mapishi atalikariri, na ikiwa mchuzi wake utakuwa mweupe na usio na ladha, jina halitamwambia alikosea wapi.

Njia ya pili ni kusema mchuzi wa nyama. Jina hili ni sahihi lakini ni pana mno. Nyama ya chukuchuku ina mchuzi, na ya nazi ina mchuzi. Tofauti inayotafutwa haimo.

Njia ya tatu, ambayo mhadhara huu unaipendekeza, ni kupanua maana ya maneno yaliyopo na kusema rojo la ukoko. Rojo linataja uzito. Ukoko unataja asili ya rangi na ladha. Kwa matone ya mafuta na majimaji yanayokingwa chini ya nyama inayookwa, neno mchuruziko linafaa, likitokana na churuzika, kitenzi ambacho kila msemaji anakijua. Kwa njia hiyo kanuni nzima huweza kusemwa kwa sentensi fupi: kinga mchuruziko, usiunguze ukoko, kaza rojo.

Pingamizi mbili zatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba katika matumizi ya kawaida ukoko ni wa wali au ugali, si wa nyama. Hilo ni kweli, lakini methali haikutaja chakula kilichomo junguni; ilitaja jungu tu, na upanuzi wa maana hapa unafuata mlango ambao lugha yenyewe iliuacha wazi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ukoko huhesabiwa na baadhi ya watu kuwa masazo, chakula cha watoto wanaokwangua sufuria, na mkahawa unaotaka heshima hautapenda kuliandika neno hilo kwenye orodha yake ya vyakula. Pingamizi hili si la kiisimu, ni la kijamii, na jibu lake ni la kijamii pia. Waingereza hawakuona haya kutengeneza fahari ya mlo wao kwa vilivyoshikamana na trei. Lugha inayolitumia neno ukoko kwa hekima ya wazee haina sababu ya kulionea haya mezani.

Ifahamike kwamba pendekezo ni pendekezo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye mamlaka ya kuidhinisha istilahi nchini Tanzania, na watumiaji ndio wenye mamlaka ya mwisho, kama historia ya rosti inavyoonyesha. Kinachosisitizwa hapa ni utaratibu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na nyingine ya isimu na lugha. Kazi hizo zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Jiko nalo ni maabara, na istilahi zake zimekwisha kuwapo. Hazihitaji kubuniwa mezani bali kukusanywa kwa wanaozitumia.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba neno mchuzi ni urithi wa Kibantu, kwamba rosti ni mkopo uliogeuzwa na wasemaji hadi ukataja rojo, na kwamba mapishi ya mchuzi wa nyama iliyookwa yanaweza kuelezwa yote, pamoja na sababu zake, kwa vitenzi vya Kiswahili cha kila siku. Imeonyeshwa vilevile kwamba Kiswahili cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kina mchango wake, na kwamba mchango huo hupotea pale mifano ya kamusi inapochukuliwa pwani peke yake.

Kazi inayofuata ni ya wanafunzi. Utafiti wa msamiati wa jikoni hauhitaji mashine wala fedha nyingi. Unahitaji daftari, subira, na heshima ya kukaa na kina mama wa Katubuka, Mwanga, Gungu na Ujiji, kuuliza kila kitendo kinaitwaje na kwa nini kinafanywa hivyo, na kuandika jibu kama lilivyotamkwa. Wengi wa wanaoyajua maneno ya kupalia, ya kukamua mawese na ya kubanika migebuka ni watu wazima, na majiko ya gesi na mafuta ya dukani yanaziondoa kazi hizo moja baada ya nyingine. Kazi ikiondoka, neno lake hudumu kwa kizazi kimoja, kisha nalo huondoka. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko haujitoi wenyewe. Sharti apatikane mtu wa kuukwangua kabla chombo hakijaoshwa.